Maswali ya Wasomaji: Haleluya Kuu Ilitungwa kwa Ajili ya Nani?

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wanakwaya na wapenzi wa muziki wanaotaka kujua kazi za watunzi wa zamani wa Ulaya zilitungwa kwa sababu gani na zina maana gani. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa kuwa inahusu wimbo ambao wengi wetu tumeuimba.

*Mwalimu, shikamoo. Kwaya yetu huimba Haleluya Kuu ya Handel kila Krismasi na kila Pasaka, na waumini wote husimama. Juzi padre mgeni alituuliza kwa nini wanasimama, akakosa wa kumjibu. Je, huu ni wimbo wa Krismasi au wa Pasaka? Na huyo Handel alikuwa mtu wa kanisa?*
Mwanakwaya wa sauti ya pili, Moshi

Marahaba. Haleluya Kuu ni kipande kimoja cha kazi ndefu ya karibu saa mbili na nusu iitwayo Messiah, ambayo George Frideric Handel aliitunga mjini London mwaka 1741. Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, akahamia Uingereza akiwa bado kijana. Alikuwa mkristo mwenye imani yake, lakini riziki yake kubwa aliipata jukwaani: alitunga opera, yaani maigizo ya kuimbwa, kwa Kiitaliano, akaajiri waimbaji, akakodi kumbi, akapata faida na hasara kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Opera zake zilipoacha kuvuta watu aligeukia oratorio, yaani masimulizi, mara nyingi ya Biblia, yanayoimbwa na waimbaji wa pekee, kwaya na okestra pasipo mavazi ya maigizo. Maneno ya Messiah hakuyaandika yeye. Charles Jennens, tajiri aliyeipenda Biblia na aliyempenda Handel, alichagua mistari ya Agano la Kale na Agano Jipya akaipanga mpaka ikawa masimulizi, kisha akampa mtunzi. Handel alianza tarehe 22 Agosti, akamaliza tarehe 14 Septemba.

Mpangilio huo wa Jennens ndio unaojibu swali lako. Sehemu ya kwanza ni unabii na kuzaliwa kwa Masihi. Ya pili ni mateso, kifo, ufufuko na kuenea kwa Injili. Ya tatu ni ufufuko wa wafu. Haleluya Kuu imewekwa mwisho wa sehemu ya pili, mara tu baada ya maneno ya Zaburi ya 2 kuhusu mataifa yanayofanya ghasia na fimbo ya chuma itakayowavunja. Kwa hiyo mwimbaji anayeifikia mahali pake pa asili ameshapita Ijumaa Kuu na kaburi, na maneno anayoyatamka yametoka Ufunuo, sura ya 11 na ya 19: Bwana Mungu wetu, Mwenyezi, amemiliki, ufalme wa dunia umekwisha kuwa ufalme wa Bwana wetu, Mfalme wa wafalme na Bwana wa mabwana. Kwa asili yake ni wimbo wa ushindi, na kwa hiyo ni wa Pasaka kuliko wa Krismasi. Hata mara ya kwanza iliposikika ilikuwa siku chache kabla ya Pasaka. Hamkosei kuiimba Krismasi, lakini ni vizuri kujua kwamba mnaazima wimbo wa mwisho wa safari kuutumia kwenye mwanzo wake.

Siku hiyo ya kwanza ilikuwa tarehe 13 Aprili 1742, katika ukumbi wa muziki wa mtaa wa Fishamble, Dublin. Matangazo yaliwaomba akina mama waje bila vile vizimba vya kutanua gauni, na akina baba waache panga zao nyumbani, ili nafasi itoshe watu wengi zaidi. Wakaingia karibu 700. Sababu ya kutaka watu wengi ilikuwa sadaka. Mapato yaligawanywa kati ya hospitali mbili za maskini na mfuko wa kuwalipia madeni wafungwa, kwa maana zama hizo mtu aliyeshindwa kulipa deni aliwekwa gerezani, na aliyekuwa gerezani hangeweza kufanya kazi ili alipe. Wafungwa 142 waliachiliwa kwa fedha hizo. Mimi kila nikifika kwenye maneno ya ufalme wa dunia kuwa ufalme wa Bwana huwakumbuka watu hao, ambao huenda hawakusikia hata nota moja ya wimbo uliowafungulia mlango. Baadaye, kuanzia mwaka 1750, Handel aliiongoza Messiah mjini London kwa ajili ya nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, na katika wosia wake akaiachia nyumba hiyo nakala ya kazi nzima.

Msomaji wa Afrika anastahili kujua na upande wa pili. Jina la Handel limo katika kumbukumbu za hisa za mwaka 1720 za Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyosafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi. Sisemi hivyo ili kwaya yenu iache kuimba. Nasema kwa kuwa anayeuliza asili ya kazi hupaswa kuelezwa asili yote, na kwa kuwa mtu yule yule aliyewafungua wafungwa wa Dublin aliwahi kuweka fedha zake katika biashara ya kuwafunga wengine minyororo.

Sasa kuhusu kusimama. Simulizi maarufu ni kwamba Mfalme George wa Pili, alipousikia wimbo huu London, aliguswa akasimama, na kwa kuwa mfalme akisimama hakuna anayekaa, ukumbi mzima ukasimama naye. Simulizi hiyo inaonekana kwa mara ya kwanza katika barua ya mwaka 1780, karibu miaka 40 baadaye, na hakuna shahidi wa siku yenyewe aliyeandika kwamba mfalme alikuwepo. Mjibuni padre, basi, kwamba desturi ni ya zamani kweli, lakini kisa cha mfalme hakina ushahidi. Waumini wenu wanaweza kuendelea kusimama kwa heshima ya maneno yenyewe.

Na kwa kuwa wewe ni mwanakwaya, nikuombe jambo moja. Kabla ya haleluya ya mwisho kabisa Handel ameweka ukimya, sauti zote na ala zote zikakatika kwa ghafla. Kwaya nyingi huuogopa ukimya huo zikauruka, au mpiga kinanda akaujaza. Uacheni uwe mtupu. Aliyeutunga alijua kwa nini ameuweka hapo, na mtaona kanisani watu wanashika pumzi.

*Mwalimu, najifunza piano hapa Nairobi. Nimepewa kazi ya Beethoven iitwayo Mwanga wa Mwezi, Opus 27 namba 2. Nikiwa kwenye sehemu ya kwanza najitahidi kuwaza mwezi juu ya maji, lakini sehemu ya tatu ni ya hasira tupu, na siuoni mwezi wowote. Ninakosea wapi?*
Mwanafunzi, Nairobi

Hujakosea popote. Jina hilo si la Beethoven. Aliitunga mwaka 1801, akaiita kwa Kiitaliano sonata iliyo kama fantasia, yaani yenye uhuru wa kuacha utaratibu wa kawaida, akaiweka wakfu kwa Giulietta Guicciardi, binti wa ukoo wa kifahari aliyekuwa mwanafunzi wake. Mwezi uliletwa na mhakiki wa Kijerumani, Ludwig Rellstab, aliyeifananisha sehemu ya kwanza na mwanga wa mwezi juu ya ziwa Lucerne huko Uswisi, na wachapishaji wakalipenda jina hilo kwa kuwa liliuza. Beethoven alikuwa amekufa tangu mwaka 1827, hakuweza kukataa. Uhuru aliouomba mwenyewe ndio unaoeleza sehemu ya tatu: kwa kawaida sonata ilianza kwa kasi, naye akaanza polepole akaiweka dhoruba mwisho. Icheze kama mtu anayezuia jambo kifuani mpaka linamshinda, nawe utaona sehemu zote tatu zinashikana.

Neno opus ni Kilatini, maana yake ni kazi, na namba zake kwa kawaida hufuata utaratibu wa kuchapishwa. Herufi K kwenye kazi za Mozart ni ya Ludwig von Köchel, aliyechapisha orodha yake mwaka 1862. Ukitaka kujua mtunzi alifikiria nini, anza na namba na tarehe kabla ya jina.

Hata hivyo, yapo majina yaliyotoka kwa mtunzi mwenyewe, na hayo yana uzito. Simfoni ya 3 ya Beethoven, yaani kazi yake ndefu ya okestra, alikusudia kuiita kwa jina la Napoleon Bonaparte wa Ufaransa, kwa kuwa alimwona kuwa mtu wa mapinduzi aliyekuja kuwaondolea watu wafalme. Mwaka 1804 Napoleon alijitangaza kuwa mfalme mkuu. Katika nakala iliyohifadhiwa Vienna, jina hilo limekwanguliwa kwenye jalada kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. Ilipochapishwa mwaka 1806 iliitwa Eroica, simfoni ya kishujaa, iliyotungwa kuadhimisha kumbukumbu ya mtu mkuu. Mtu huyo hakutajwa.

*Mwalimu, tulimzika baba mwaka jana, na kwaya ya parokia iliimba Lacrimosa ya Mozart. Tangu siku hiyo wimbo huo haunitoki. Mjomba wangu anasema Mozart alikuwa ameshapewa sumu na mtunzi mwenzake Salieri, akawa anajitungia msiba wake mwenyewe. Ni kweli?*
Msomaji, Mwanza

Pole kwa msiba, na Mungu amrehemu mzee wetu.

Salieri hakumuua mtu. Lakini mambo yaliyotokea kweli yanagusa kuliko hadithi ya sumu, na ninadhani yatakufaa zaidi wewe uliyefiwa.

Tarehe 14 Februari 1791, katika ngome ya Stuppach huko Austria, alifariki Anna, mke kijana wa kabaila aitwaye Franz von Walsegg. Mume alitaka kumkumbuka kwa Misa ya Wafu. Alikuwa na tabia isiyopendeza ya kununua kazi za watunzi, kuzinakili kwa mkono wake na kuwapigia wageni kana kwamba ni zake, kwa hiyo alimtuma mtu kwa Mozart kwa siri, naye Mozart akapokea sehemu ya malipo bila kuambiwa ni nani anayelipa. Mwaka huo alikuwa na kazi nyingi mno: opera ya kutawazwa kwa mfalme mjini Prague, iliyochezwa Septemba 6, na opera nyingine, Filimbi ya Ajabu, iliyoanza Vienna Septemba 30. Misa ikasubiri. Alipoirudia alikuwa mgonjwa, na Desemba 5 alifariki akiwa na miaka 35. Kumbukumbu za kifo chake zinataja homa kali yenye vipele.

Katika Lacrimosa uliyoisikia, ambayo ni kipande cha Misa hiyo, mkono wa Mozart unakoma baada ya vipimo vinane vya muziki. Maneno yaliyomo ndani yake ni haya: siku ile ya machozi, atakapoinuka kutoka majivuni mwanadamu mwenye hatia ili ahukumiwe. Yanayofuata ni ya Franz Xaver Süssmayr, kijana aliyekuwa msaidizi wake. Mjane, Constanze, alihitaji sana malipo yaliyobaki, maana aliachwa na watoto wawili na madeni, hivyo kazi ilikamilishwa ikakabidhiwa kana kwamba Mozart ndiye aliyeimaliza. Wapo wanaomlaumu Süssmayr kwa nota dhaifu. Mimi siwezi. Alipewa wimbo uliokatika katikati ya sentensi, akaufikisha mahali ambapo kwaya ya parokia inaweza kuuimba kaburini miaka zaidi ya 200 baadaye.

Uvumi wa sumu ulienea baada ya kifo, na mwaka 1830 mshairi wa Kirusi Alexander Pushkin, ambaye babu wa mama yake alikuwa Mwafrika, aliugeuza kuwa tamthilia fupi kuhusu wivu. Kutoka hapo ulipita kwenye opera, kisha jukwaani tena na kwenye sinema, mpaka ukamfikia mjomba wako. Lakini Mozart mwenyewe, katika barua kwa mkewe ya Oktoba 1791, alisimulia kwa furaha jinsi alivyomchukua Salieri kwenda kuitazama Filimbi ya Ajabu, na jinsi Salieri alivyoisifu kipande kwa kipande. Baadaye Salieri ndiye aliyemfundisha muziki mtoto mdogo wa Mozart.

Uliniuliza kama alijitungia msiba wake. Constanze alisimulia baadaye kwamba mumewe, katika ugonjwa, alidhani hivyo, na mgonjwa huwaza mengi. Ninachojua kwa hakika ni kwamba maneno ya mwanzo ya Misa hiyo, ambayo aliyatungia sauti na ala zote kwa mkono wake mwenyewe, ni yale yale mliyoyasema mlipomweka baba udongoni: raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie.

*Mwalimu, sisi Unguja katika taarabu tuna bashrafu, ambayo hupigwa na ala tu kabla ya mwimbaji kuingia. Hakuna anayeuliza maana yake. Watu husikiliza wakatulia. Kwa nini muziki wa Kizungu usio na maneno lazima uwe na maana? Na nani anayeamua maana hiyo?*
Mpiga fidla, Unguja

Swali lako ni zito, na nakiri kwamba kwa sehemu kubwa nakubaliana nawe. Simfoni nyingi za Haydn na fuga nyingi za Bach, ambamo sauti kadhaa hupokezana wimbo mmoja, hazielezi kisa chochote, na anayezitafutia kisa hupoteza wakati ambao angeusikiliza muziki. Bashrafu yako na fuga ya Bach zingeelewana.

Lakini wako watunzi walioandika kisa chao waziwazi. Antonio Vivaldi wa Venice alichapisha Misimu Minne mjini Amsterdam mwaka 1725, koncheto nne za fidla, yaani kazi za fidla ya pekee na okestra, kila moja ikiwa na shairi lake, na mistari ya shairi imechapishwa juu ya nota zinazohusika. Katika sehemu ya polepole ya Majira ya Kuchipua mchungaji wa mbuzi amelala; fidla ya pekee ni usingizi wake, fidla nyingine ni majani yanayotikisika, na viola, ndugu mkubwa wa fidla, kwa nota mbili zinazorudiwa bila kuchoka, ni mbwa wake anayebweka. Ameandika hivyo mwenyewe. Ukiipiga sehemu ile bila kujua habari ya mbwa, utaipiga viola kwa unyenyekevu, na utakuwa umekosea, kwa kuwa Vivaldi ameagiza ipigwe kwa nguvu na kwa kukwaruza.

Tatizo huanza pale maana inapodaiwa na watu wengi kwa pamoja, na sijui mfano ulio wazi kuliko Simfoni ya 7 ya mtunzi wa Kirusi Dmitri Shostakovich. Alianza kuiandika Leningrad, mji wa Urusi ambao sasa unaitwa St. Petersburg, katika majira ya joto ya mwaka 1941, Wajerumani wakiukaribia mji. Akamaliza sehemu tatu mle ndani, akahamishwa kwa ndege, akakamilisha ya nne katika mji wa Kuibyshev mwezi Desemba. Katika sehemu ya kwanza kuna wimbo mdogo, mwepesi, karibu wa kitoto, unaoanza kwa mbali juu ya mdundo wa ngoma ndogo na kurudiwa tena na tena, kila mara ala zikiongezeka, mpaka unakuwa kitu cha kutisha. Serikali ya Kisovieti ilisema hao ni Wajerumani wanaoingia. Nota zake zilipigwa picha kwenye filamu ndogo zikasafirishwa kupitia Tehran na Cairo hadi nchi za Magharibi, na London na New York nazo zikasikia ndani yake vita vyao dhidi ya Hitler. Baada ya Shostakovich kufariki kilitoka kitabu, ambacho uhalisi wake unabishaniwa mpaka leo, kikidai kwamba alikuwa akiwalilia pia watu walioangamizwa na Stalin kabla ya vita. Nota ni zile zile kwa kila msikilizaji, wala hakuna iliyobadilishwa ili kumfaa mmoja wao.

Nani anaamua? Nikiwa mkweli, siamini kwamba ni mtunzi peke yake, na hilo nalisema kwa sababu ya tarehe 9 Agosti 1942. Leningrad ilikuwa imezingirwa tangu Septemba ya mwaka uliotangulia, na mamia ya maelfu ya watu wameshakufa kwa njaa. Okestra ya redio ya mji ilipoitwa tena mazoezini chini ya Karl Eliasberg walifika wachache tu. Wapiga tarumbeta hawakuwa na pumzi ya kumaliza mstari, na baadhi ya wanamuziki walikufa kabla ya siku kufika. Iliombwa wanajeshi wanaojua ala waachiwe kutoka mstari wa mbele, na wapigaji wakaongezewa mgao wa chakula. Jioni ya tamasha mizinga ya Kisovieti iliwashambulia kwanza Wajerumani ili wasiweze kuupiga ukumbi, kisha simfoni nzima, dakika zaidi ya 70, ikarushwa kwa redio na kwa vipaza sauti vya mitaani, ikasikika hadi kwenye mahandaki ya adui. Kwa waliokuwa ukumbini maana ilikuwa kwamba wapigaji wamekaa sawa kwenye viti vyao, ala ziko mikononi, na mji una okestra. Maana hiyo Shostakovich asingeweza kuiandika kwenye karatasi, naye jioni ile hakuwepo.

Mzingiro uliondolewa tarehe 27 Januari 1944. Miaka 20 baadaye, Januari 1964, wapigaji waliokuwa bado hai walikusanyika Leningrad chini ya Eliasberg yule yule, wakaipiga simfoni hiyo mara nyingine, na safari hii Shostakovich alikuwa ameketi ukumbini akisikiliza.